Saini za Wanawake Wanne

Nyamirengo, Masisi
tarehe 9 mwezi wa pili 2024

Papa Théogène, bwana yangu,

Amani ya Yesu ikufikie huko Ntoto munakolima, mbele ya hii barua, juu barua inatembea na miguu ya wabeba-mafuta ya mawese na wao wanachoka, lakini amani haichoke. Sisi tuko. Rezo ya simu haijarudi tangu antene ilianguka, njo maana nimeshika kalamu ya bic. Maharagwe ya juu ilitoka vizuri, ya bondeni mvua iliikula. Céline, muke wa mutoto wetu Théogène, iko muzuri, tumbo inaendelea. Anakusalimia wewe na bwana yake. Umwambie Théogène asihangaike.

Sasa niko na neno inanilemea, na hapa sina muntu wa kuiambia, kama si Mungu, na yeye anaijua tayari.

Unakumbuka wamama wa kanisa walinichagua niingie mu komite ya centre ya afya. Nilifurahi, sikufichi. Zone ya afya ilikuwa imesema komite isiyo na wanawake haitaitambua tena. Basi Papa Prezida wa komite, Habumugisha, akapokea wanawake wanne: mimi, Mama Myriam, na wawili wa ng'ambo ya muto. Wanaume ni watano. Nikasema Bwana asifiwe, na mimi niliyeishia mu darasa ya sita primaire.

Mukutano wa kwanza tulikuta ndani viti tano. Prezida akasema, "Wamama, wageni wa zone wako na njaa, mututengenezee kwanza." Tukaenda nyuma, ku jiko. Tukapika maharagwe na sombe. Chakula ilikuwa karibu kuiva wakati katibu alituletea karatasi. "Musaini hapa, ni ya présence, ya kuonyesha mulikuwepo." Nilisainia juu ya mufuniko wa sufuria, vidole viko na chumvi. Mama Myriam akamuuliza, "Ni présence ya jiko ao ya mukutano?" Tukacheka wote. Ile kicheko imenirudilia vibaya.

Wiki iliyopita Nyiransengimana, jirani yetu wa pale ku mikaratusi, alikuwa mu maumivu tangu asubuhi. Titulaire Grégoire, ule muuguzi mukubwa wa centre yetu, akaona mutoto hatapita, akasema apelekwe ku hospitali kubwa wamupasue. Kipoyi, kitanda ya kubebea wagonjwa, ilikuwa tayari, wabebaji walikuwa wamekaa chini wanangojea. Lakini kuko sheria mupya: mwanamuke hapelekwi ku opération bila saini ya bwana yake, ao ya mwanaume wa jamaa ya bwana. Bwana yake iko mu machimbo, upande wenu wa Walikale. Ndugu ya bwana alikuwa amekwenda soko. Tulimungojea mpaka jua ikaanza kushuka. Alipofika alisaini hata mbele ya kusalimia. Mama alipona. Mutoto alikuwa ameshakwenda.

Nikamuuliza Grégoire, na roho ikiwa moto, "Hii sheria ni ya nani?" Akafungua farde ya makaratasi, akanionyesha. "Mama Emérita, na wewe ulisaini." Ile karatasi ya présence ilikuwa ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza ilikuwa sheria.

Nimepiga magoti siku tatu. Mungu ananisamehe, hiyo ninaamini. Lakini karatasi iko bado mu farde, na jina yangu iko ndani.

Nilikwenda kwa Prezida nikamwambia ninataka kusema mu mukutano wa mwezi wa tatu, ile sheria itoke. Hakunikasirikia. Akasema, "Shemeji, mwanamuke wa muntu kusema mbele ya wanaume, tunahitaji neno ya bwana yake. Jean-Bosco aandike tu. Kiti nitakupa mimi."

Basi ninakuomba. Mistari mbili inatosha, kwamba bwana yangu ananiruhusu kufungua kinywa. Sijakuomba kitu tangu ulikwenda.

Wako mu Kristo,
Emérita, Mama Théogène


Ntoto, Walikale
tarehe 27 mwezi wa pili 2024

Mama Théogène,

Barua yako ilifika na doa ya mafuta juu ya jina ya Yesu, lakini tuliisoma yote, mimi mara mbili, mutoto mara moja. Tuko wazima. Muhogo ya huku inakomaa mbio, udongo ya pori haina uchoyo. Théogène amejifunza kupika. Ugali yake, unaweza kujengea nayo nyumba.

Nilisikia uchungu sana juu ya Nyiransengimana. Umupelekee salamu zangu na debe ya maharagwe. Na wewe usijitwike musalaba isiyo yako. Wewe ulipika, wao waliandika.

Lakini sasa unisikilize polepole. Habumugisha aliniandikia mbele, barua yako haijafika. Hakukusema vibaya. Anasema uko mama wa heshima, anaogopa tu watu waseme Jean-Bosco aliacha nyumba na bibi yake akageuka mwanaume. Hiyo mimi sijali, watu wamesema mingi juu yangu na ninakula vizuri. Ninachojali ni kilima, shamba yetu.

Unajua wangapi walikimbia, wakarudi, wakakuta mbuzi za muntu mwingine mu shamba yao. Karatasi zetu zilichomeka mu vita ile ya mbele. Muntu aliyebaki, anayeweza kusimama mbele ya chifu aseme "kutoka muto mpaka mikaratusi ni kwa Jean-Bosco," ni Habumugisha. Hakuna mwingine. Wewe unataka nimuchokoze kutoka hapa Ntoto, siku tatu ya miguu, na mimi sipo hata kushika jembe mulangoni?

Nimemujibu vizuri. Mambo itakaa sawa. Wewe kwa sasa uchunge nyumba na muke wa mutoto.

Mungu akusimamie,
Bwana yako Jean-Bosco


Nyamirengo
tarehe 23 mwezi wa tatu 2024

Jean-Bosco,

Leo ninakuita jina yako, ujue.

Uliniandikia "nimemujibu vizuri." Mimi niliisoma, nikaikunja, nikaiweka mu Biblia. Nikamwambia Mama Myriam, "Bwana yangu ameniruhusu." Akanijibu, "Wewe uko na bahati, wangu hata chumvi ananihesabia." Siku ya mukutano nilivaa kitenge ya kanisa. Sikuenda ku jiko. Wote wanne hatukuenda, nikakaa juu ya kiti ya katibu, yeye akabaki wima na daftari yake kama mutoto wa masomo.

Prezida akauliza, "Mama, uko na neno ya bwana?" Nikasema, "Iko, Papa Prezida. Alikuandikia wewe mwenyewe." Akasema, "Ni kweli, aliniandikia." Akatoa barua mu koti, akamupa katibu aisome kwa sauti.

"Mimi Jean-Bosco ninamutoa bibi yangu mu komite. Musimuhesabu tena." Na saini yako, ile yenye mukia.

Papa mumoja wa nyuma akasema, "Basi mama, sufuria inakungojea." Kuko waliocheka. Habumugisha hakucheka, hiyo nitasema mbele ya Mungu. Mimi sikulia. Nilikuwa ninahesabu misumari ya meza, nikafika kumi na saba, nikasahau, nikaanza tena.

Kisha wakaandika karatasi ya kuniondoa na kuweka mwingine. Ikaletwa kwa wale wamama watatu wasaini. Myriam akashika bic, akaiangalia, akaiweka nyuma ya sikio kama seremala. "Tutasoma kwanza." Katibu akasema, "Ni présence tu, mama." Myriam akamujibu, "Hata ile ingine ilikuwa présence tu." Hawakusaini, hata mumoja. Na bila majina ya wanawake zone haipokei karatasi. Basi sijatoka na sijabaki, niko kama mulango wa hema.

Ningetaka kukusamehe leo hii, lakini bado. Ninaomba juu yake.

Sasa usikilize ile nilikuficha mimi. Na mimi nilificha, kwa hiyo tuko sawa. Céline haiko muzuri. Tangu mwezi wa kwanza Grégoire anamushika tumbo na anasema mutoto amelala kwa upande. Amejaribu mara mbili kumugeuza, hageuki. Anasema huyu atapasuliwa, hakuna njia ingine. Sikukuandikia juu Théogène angetupa jembe na kuingia njia mu vita. Siku zake ni katikati ya mwezi wa ine.

Ikifika ile siku, nani atasaini? Bwana yake iko huko. Wewe uko huko. Ndugu yako Ndagijimana alikimbia na watu wake upande wa Sake, hakuna anayejua analala wapi. Mimi ninamupikia, ninamuchotea maji, ninamukanda miguu ikivimba. Mu ile sheria mimi si muntu wa Céline.

Kwa kinywa yangu sikuombi tena kitu. Ninaomba Théogène aandike ruhusa ya muke wake, leo, barua isilale. Muwape wabeba-mafuta wawili, kila mumoja yake, mumoja akikwama mwingine afike.

Emérita


Ntoto
tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Mama Théogène,

Barua yako ya mwezi wa tatu imefika leo. Njia ilifungwa wiki tatu, wabeba-mafuta walilala mu pori na mizigo yao, mumoja hajaonekana. Nimesoma tarehe, nimehesabu siku: zake zimepita.

Théogène ameandika ruhusa. Hakungojea nimalize kusoma. Anaondoka kesho asubuhi, anaibeba mwenyewe. Mimi goti haiwezi ile milima.

Ile barua kwa Habumugisha niliiandika kwa dakika tano, jioni moja, nikiwaza juu ya shamba. Nilifikiri ni neno kati ya wanaume wawili, ataiweka mu mufuko, mambo itapoa. Sikujua itasomwa mbele yako. Lakini hata kama haingesomwa, nilikuwa nimeiandika.

Kama Céline iko hai, mwambie ninamuombea. Kama haiko, usiniandikie, ngoja nikuje.

Jean-Bosco


Nyamirengo
tarehe 22 mwezi wa ine 2024

Kwa ndugu yangu Jean-Bosco,

Salamu mu jina ya Bwana, kwako na kwa kijana. Ninakuandikia kama rafiki, na kama prezida wa komite, na leo hizo mbili hazilale mu kitanda moja.

Ujue kwanza wako wazima. Tarehe 18 muke wa mutoto wako alishikwa na maumivu asubuhi. Tulitafuta Ndagijimana, tukatuma watu mbili, hakuonekana. Titulaire akaogopa kumutuma bila saini. Halafu bibi yako na wale wamama wengine wa komite walikuja ku centre, wakaomba karatasi ya transfert, ya kumupeleka ku hospitali kubwa, wakaisaini wao wanne. Bibi yako akamwambia titulaire, "Sheria ilitoka mu komite. Sisi ni komite, ao siyo?" Titulaire akapokea. Céline akabebwa, akapasuliwa jioni, akapata mutoto mwanamuke.

Mimi nilikuwepo. Sikukataza. Na kukubali sikukubali.

Wewe unajua ile sheria haikutoka mu roho mubaya. Unakumbuka ule aliyerudi kutoka machimbo, akakuta bibi alipasuliwa ku hospitali, amezikwa na kidonda ya kisu mu tumbo, na hakuna muntu aliyemuuliza kitu. Alimuvunja mukono titulaire wa mbele ya Grégoire. Titulaire akakimbia, tukakaa miezi sita bila muganga. Wangapi walikufa mu ile miezi sita, hakuna aliyehesabu. Njo nikasema: hapana tena, bwana asaini.

Sasa mambo imekuwa ngumu. Tarehe 15 mwezi ujao zone inakuja kuangalia makaratasi. Wanaume wa komite wanasema titulaire alivunja sheria, aondoke. Wanasema wanawake walichukua mamlaka isiyo yao. Mimi sitaki kupoteza titulaire, na sitaki aibu juu ya nyumba yako.

Njia iko, na ni nyepesi. Uandike barua ya ruhusa kwa Céline, kama baba mukwe. Uweke tarehe 10 mwezi wa ine. Nitasema ilifika mbele ya ile siku, ilikuwa mu mufuko yangu. Tutaiweka mu farde na ile karatasi ya wamama tutaitoa. Hakuna atakayekuwa amevunja kitu. Bibi yako atabaki mu komite kwa heshima, ile barua yako ya kwanza nitaichoma mimi mwenyewe.

Juu ya shamba, uko unajua ninasimama wapi. Tusaidiane.

Ndugu yako,
Habumugisha


Nyamirengo
tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Papa Théogène,

Unaona nimerudilia jina yako ya nyumba. Mungu amenisaidia, kidogo kidogo, kama mwiba inavyotoka.

Théogène alifika tarehe 26, miguu imepasuka, na karatasi ya ruhusa mu plastiki chini ya shati. Akaikunjua ku kitanda ya hospitali mbele ya Céline. Céline akamwambia, "Weka pale, nimushike mutoto kwanza." Mutoto iko na kichwa yako, masikini. Anapiga kelele kama chifu.

Prezida ameniambia alikuandikia, na amekuomba nini. Hakunificha. Lakini ninajua kuko neno moja hakukuandikia, juu na kwangu alinikataza kuitaja. Tulipotoka na Céline, mubebaji mumoja wa kipoyi hakuwepo, alikuwa amekimbilia mifugo yake. Tukasimama pale. Habumugisha akavua koti, akamupa katibu, akaingia chini ya muti ya mbele. Alibeba mpaka ku daraja, na umri yake ile. Kwa hiyo usimuchukie. Anaogopa, na anabeba.

Grégoire alikuja hapa nyumbani, akakaa, akashindwa kunywa chai. Iko na watoto tano. Anasema, "Mama, hiyo barua ya tarehe kumi itaniponya." Ilinichoma. Ni yeye aliyepokea karatasi yetu.

Nitakuambia ukweli, na mimi nilitamani uiandike. Nililala nayo siku mbili. Grégoire anabaki, mimi ninabaki, shamba inabaki, kila muntu anakula ugali yake kwa amani. Nikamuuliza Myriam. Akasema, "Vizuri. Na kesho bibi ya muntu asiye na baba mukwe huko Ntoto, tutamuandikia tarehe gani?" Farde itasema ruhusa ilitoka kwa mwanaume, na sheria ilifanya kazi muzuri. Sheria iliyofanya kazi muzuri nani ataitoa?

Lakini sikuambie ufanye nini. Wewe ulinisemea mara moja bila kuniuliza, na sitaki kukulipa vile vile. Ukiandika ile barua, sitakugombeza. Nitakupikia siku utarudi. Ninakuomba tu kitu moja: ile utaandika, uiandike kwa mukutano wote, na mimi nikiwa ndani.

Emérita wako


Ntoto
tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Kwa Papa Prezida Habumugisha na kwa komite yote ya centre ya afya ya Nyamirengo, wanaume na wanawake,

Ninawasalimu. Mimi si muntu wa maneno mingi, na goti inauma nikikaa.

Mu mwezi wa pili niliandika kwamba ninamutoa bibi yangu mu komite. Nilikosea. Si mimi nilimuweka, wamama wa kanisa njo walimuweka. Muntu hawezi kung'oa mutarimbo iliyopigwa udongoni na mwingine, na mimi nilifikiri ninaweza juu ni bibi yangu. Ninamuomba musamaha mbele yenu, vile nilimupatisha haya mbele yenu.

Papa Prezida ananiomba barua nyingine, ya kusema nilikubali Céline apasuliwe, na tarehe ya nyuma. Ninaelewa juu ya nini anaiomba. Anataka kumukinga titulaire na kukinga nyumba yangu. Ninamushukuru. Lakini siku ya tarehe 10 nilikuwa mu shamba ya muhogo na nilikuwa sijui kitu. Tarehe 18 vilevile. Kama ule mutoto angengojea ruhusa yangu, tungekuwa tunaandikiana juu ya kaburi mbili.

Walioruhusu wako hapo. Ni wanne, majina yao iko ku karatasi. Titulaire Grégoire alifuata komite, hakuvunja kitu. Kama zone itauliza, muwaonyeshe ile karatasi, musiitoe mu farde. Na kama mutaitoa sheria, muitoe na saini za wote tisa, mukiwa mumekaa wote ndani.

Papa Prezida, juu ya shamba yangu, utasema kwa chifu ile unajua, ao utanyamaza. Sitakuandikia tena juu yake. Nitakuja mwenyewe, na goti hii, nikichelewa nichelewe.

Mumeniomba tarehe. Leo ni tarehe 9 mwezi wa tano, na mvua inanyesha hapa Ntoto. Sina ingine.

Jean-Bosco, babu ya mutoto